Bei ya simu na gharama ya kumhudumia mnunuzi

MNUNUZI anapoingia dukani kutafuta simu ya mkono, swali la kwanza huwa ni moja: bei gani? Ni nadra aulize swali la pili, ambalo huenda likamgharimu zaidi: simu hii ikikataa kuwaka mwezi ujao, nani atanipokea, nitasubiri kwa muda gani, na kazi hiyo italipiwa na nani?

Maswali hayo mawili hayatenganiki. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Nyuma ya simu inayouzwa kuna waliobuni chombo chenyewe, waliokiunda, waliokisafirisha na waliokitoza ushuru. Kuna pia watu ambao kazi yao huanza baada ya mauzo kukamilika: anayepokea simu ya mteja mwenye hasira, fundi anayebadilisha kioo kilichopasuka, dereva anayebeba vipuri, na mhandisi anayeziba nyufa za usalama katika programu. Wote hao hulipwa mishahara. Kampuni inapotangaza bei ya chini kupita kiasi, inafaa mnunuzi ajiulize ni nani kati yao aliyeondolewa kwenye hesabu.

Kisa cha Nexus One

Mojawapo ya mifano inayodhihirisha jambo hili ni simu ya Nexus One, iliyozinduliwa na kampuni ya Google nchini Marekani mnamo Januari 5, 2010. Simu hiyo ilitengenezwa na kampuni ya HTC ya Taiwan na kutumia mfumo wa Android. Aliyeitaka ikiwa huru, bila kufungwa kwa kampuni yoyote ya mawasiliano, alitakiwa kulipa dola 529, takriban Sh40,000 kwa viwango vya ubadilishanaji fedha vya wakati huo. Aliyekubali kutia sahihi mkataba wa miaka miwili na kampuni ya T-Mobile alilipa dola 179 pekee.

Kilichowashangaza wengi ni namna simu hiyo ilivyouzwa. Haikuwekwa madukani. Aliyeitaka aliinunua katika duka la Google kwenye intaneti, kisha akaletewa nyumbani. Wakati huo, Wamarekani wengi walizoea kupata simu kutoka kwa kampuni za mawasiliano, ambazo zililipa sehemu ya bei na kuirudisha polepole kupitia malipo ya kila mwezi. Kampuni hizo pia zilikuwa na maduka mitaani na maelfu ya wahudumu wa kupokea malalamishi. Google ilipowapita madalali hao, iliwapita pia wahudumu wao.

Haukupita muda mrefu kabla ya malalamishi kuanza kumiminika. Baadhi ya wanunuzi walisema simu zao hazikuweza kushika vyema mawimbi ya kasi ya 3G. Wengine walitatizwa na ada walizotozwa. Walipotafuta mtu wa kuzungumza naye, hawakumpata. Google ilikuwa imezoea kutoa huduma ambazo watumiaji hawakuzilipia moja kwa moja, mathalan utafutaji wa habari na barua pepe, na haikuwa na desturi ya kuwapokea wateja kwa simu. Malalamishi yalitumwa kwa barua pepe, na majibu yangeweza kuchukua siku moja au mbili.

Isitoshe, mnunuzi alikuwa na wakubwa watatu. Google iliuza, HTC ilitengeneza na T-Mobile ilitoa mtandao. Mwenye tatizo la mawimbi alishindwa kujua iwapo kosa lilikuwa la chombo, programu au mnara. Kila mmoja wa watatu hao angeweza kumwelekeza kwa mwenzake, naye akabaki kurushwa huku na huku kama mpira.

Suala la ada nalo lilizua manung'uniko makubwa. Aliyenunua kwa mkataba kisha akauvunja mapema alikabiliwa na faini mbili: dola 200 za T-Mobile na dola 350 za Google za kufidia punguzo la bei. Jumla yake ilikuwa dola 550, kiasi kilichozidi bei ya simu ile ile ikiwa huru. Mnamo Februari 2010, Google ilipunguza ada yake hadi dola 150. Mwezi huo huo ilifungua laini ya simu ya kuwahudumia wanunuzi.

Kufikia hapo sifa ya duka ilikuwa imekwisha kudorora. Kampuni ya utafiti ya Flurry ilikadiria kwamba Nexus One 135,000 ziliuzwa katika siku 74 za kwanza. Kwa kipindi sawa na hicho tangu kuzinduliwa kwao, iPhone ya kwanza na Droid ya Motorola zilikuwa zimefikisha takriban milioni moja kila moja. Mnamo Mei 2010, Google ilitangaza kwamba ingeacha kuuza simu kupitia duka hilo, na kufikia Julai ilikuwa imepokea shehena ya mwisho ya kuuzwa huko.

Haitakuwa haki kusema uhaba wa wahudumu pekee ndio ulioliangusha duka hilo. Wanunuzi wengi walitaka kuishika simu mkononi kabla ya kutoa fedha zao, na baadhi ya kampuni kubwa za mawasiliano zilizotarajiwa kuiuza zilijiondoa. Hata hivyo, hatua iliyofuata ilikuwa na funzo. Mnamo Desemba 2010, simu iliyofuata katika ukoo huo, Nexus S iliyotengenezwa na Samsung, iliuzwa katika maduka ya Best Buy. Bei yake ikiwa huru ilikuwa dola 529, ile ile ya mtangulizi wake. Safari hii, mnunuzi alipata duka la kuingia na muuzaji wa kukabiliana naye ana kwa ana.

Hesabu ilivyo

Ili kufahamu ni kwa nini kampuni huogopa gharama ya huduma kwa wateja, chukua mfano wa kubuni. Kampuni fulani inauza simu 10,000 kwa Sh8,000 kila moja. Baada ya kulipia utengenezaji, usafirishaji, ushuru na faida ya mwenye duka, inabaki na Sh400 kwa kila simu. Hiyo ni faida ya Sh4 milioni.

Sasa iwapo mnunuzi mmoja kati ya kumi atapiga simu mara moja kuomba usaidizi, na kila mazungumzo yagharimu Sh150 kwa kujumlisha mshahara wa mhudumu, laini na kodi ya ofisi, Sh150,000 zitatoweka. Asilimia tano ya simu zikirudishwa kutengenezwa kwa Sh2,500 kila moja, Sh1.25 milioni nyingine zitaondoka. Kampuni itabaki na Sh2.6 milioni, na bado itakuwa na sababu ya kutabasamu.

Lakini iwapo shehena hiyo ilikuwa na kasoro, na asilimia 15 ya simu zikarudishwa, gharama ya matengenezo itapanda hadi Sh3.75 milioni. Faida yote itapungua na kuwa Sh100,000. Simu iliyouzwa kwa faida ya Sh400 haiwezi kustahimili ziara hata moja kwa fundi. Matengenezo yake hulipiwa na faida ya zaidi ya simu nyingine sita ambazo hazikuharibika.

Simu ya bei ghali yenye faida ya Sh20,000 huweza kutengenezwa na bado ikaacha ziada. Ndiyo sababu huduma bora hupatikana kwa urahisi zaidi kwa wenye simu ghali, ilhali mnunuzi wa simu ya bei nafuu, ambaye pengine amejinyima miezi kadhaa ili kuipata, ndiye anayeachwa ajitafutie suluhisho.

Njia za kulipia huduma

Katika biashara ya simu, gharama hii hulipwa kwa njia kadhaa. Njia ya kwanza ni kuijumlisha kwenye bei ya simu. Mnunuzi hulipa zaidi mwanzoni, na waranti ya mwaka mmoja kwa kawaida humlinda dhidi ya kasoro za kiwandani.

Njia ya pili ni kuificha kwenye mkataba wa mawasiliano. Mnamo 2008, iPhone 3G iliuzwa Marekani kwa dola 199 kwa mnunuzi aliyetia sahihi mkataba wa miaka miwili na AT&T. Bei halisi ilikuwa juu zaidi, ila ililipwa kidogo kidogo kila mwezi pamoja na gharama ya kuwahudumia wateja.

Njia ya tatu ni kuiuza huduma yenyewe kama bidhaa. Mnamo Oktoba 2011, Apple ilianzisha mpango wa AppleCare+ kwa watumiaji wa iPhone. Kwa dola 99, mnunuzi alipata ulinzi wa miaka miwili, ukiwemo wa ajali mara mbili, na kila ajali ilitozwa dola 49 zaidi. Mpango kama huo ni bima: wengi hulipa, wachache huvunja simu.

Njia ya nne ni kupunguza faida na kutegemea mapato ya baadaye. Mnamo Aprili 2018, kampuni ya Xiaomi ya China iliahidi kwamba faida halisi ya biashara yake ya vifaa haingezidi asilimia tano. Kampuni inayofuata njia hiyo hutarajia kupata fedha kutokana na matangazo na huduma za intaneti zinazotumiwa na wenye simu hizo.

Njia ya tano, ambayo haitangazwi hadharani, ni kumwachia mnunuzi mzigo. Nambari ya huduma haijibiwi, au inajibiwa na mashine inayorudia maneno yale yale. Mteja hutumia muda wake, nauli yake na salio lake. Kwa vitabu vya kampuni, gharama imepungua. Kwa hakika imehamishwa tu mfuko.

Mhudumu kwa sekunde 15

Amazon nayo ilijaribu kinyume cha yale ya Google. Mnamo 2013, ilitia kitufe kilichoitwa Mayday katika tableti zake za Kindle Fire HDX. Aliyekibonyeza aliweza kumwona mhudumu kwenye kioo, na lengo la kampuni lilikuwa kuhakikisha anajibiwa kwa sekunde 15 au chini ya hapo, mchana na usiku, bila malipo ya ziada.

Huduma hiyo iliwekwa pia katika simu ya Fire Phone iliyoanza kuuzwa Julai 2014. Bei yake ilikuwa dola 199 kwa mkataba wa miaka miwili, na dola 649 bila mkataba. Wanunuzi walijitokeza wachache. Kufikia Septemba mwaka huo, bei ya mkataba ilikuwa imeshushwa hadi senti 99 za dola. Mnamo Oktoba, Amazon ilitangaza hasara ya dola milioni 170 iliyotokana zaidi na simu hiyo, na mnamo 2015 ikaacha kuiuza. Huduma ya Mayday ya kumwona mhudumu kwenye video ilikomeshwa mnamo 2018.

Visa hivi viwili vikilinganishwa, ni dhahiri kwamba huduma duni inaweza kuiponza simu nzuri, lakini huduma nzuri haiwezi kuiokoa simu ambayo watu hawaitaki kwa bei iliyowekwa.

Hali ilivyo Kenya

Humu nchini, mjadala kuhusu bei ya simu kwa kawaida huelekezwa kwenye ushuru. Mnamo Juni 2009, serikali iliondoa ushuru wa ziada ya thamani, VAT, wa asilimia 16 kwa simu za mkono, kisha ikaurejesha kupitia sheria ya VAT ya 2013. Sheria ya Fedha ya 2022 nayo ilileta ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazoagizwa kutoka nje.

Juhudi za kushusha bei zimekuwa nyingi. Mwaka wa 2011, simu ya Ideos ya kampuni ya Huawei, iliyouzwa na Safaricom kwa chini ya Sh10,000, iliwafungulia Wakenya wengi mlango wa kutumia Android. Mnamo Julai 2020, Safaricom na Google zilizindua mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mnunuzi alitoa amana ya Sh1,000 kisha akalipa Sh20 kila siku. Mnamo Oktoba 30, 2023, kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Athi River, kaunti ya Machakos, ambapo simu za Neon Smarta zilitangazwa kwa bei ya Sh7,499 na Neon Ultra kwa Sh8,999.

Kila bei inaposhuka, swali la huduma huzidi uzito. Mnunuzi wa mkopo, mathalan, huendelea kudaiwa hata simu inapoharibika, na asipolipa huenda ikafungwa kutoka mbali. Kwake, siku kumi za kusubiri fundi ni siku kumi za kulipia kitu asichokitumia. Kwa mama mboga anayepokea malipo kwa simu, au mwendeshaji wa bodaboda anayepata abiria kupitia programu, ni siku kumi za biashara kulala.

Baadhi ya kampuni zimetambua kwamba vituo vya huduma ni silaha ya kibiashara. Transsion ya China, inayotengeneza simu za Tecno, Itel na Infinix, ina tawi la matengenezo liitwalo Carlcare lenye vituo katika miji ya Afrika, Kenya ikiwemo. Anayejua pahali pa kuipeleka simu yake hushawishika kwa urahisi kurudi kununua nyingine.

Kwa wengi, hata hivyo, kituo cha huduma ni kibanda cha fundi. Katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi, na katika vichochoro vya miji mingine, mafundi hubadilisha vioo, betri na matundu ya chaja huku mteja akisubiri. Mafundi hao ni sehemu ya mfumo wa huduma kwa wateja, ingawa kampuni haziwalipi. Kwa kuwepo kwao, simu ya bei nafuu huweza kuishi miaka mingi. Ubaya ni kwamba simu ikishafunguliwa na fundi asiyeidhinishwa, waranti kwa kawaida hubatilika, na si kila kipuri ni halali.

Simu bandia nazo huonyesha mwisho wa mkondo huu. Bei yake huwa chini kwa sababu hakuna aliyejitwika jukumu lolote. Usiku wa Septemba 30, 2012, tume ya mawasiliano, wakati huo ikiitwa CCK, iliamuru simu hizo zizimwe, na takriban milioni 1.9 zikakatwa mitandaoni. Wenye simu hizo hawakuwa na pa kulalamika, kwani muuzaji hakuwa amewaahidi chochote.

Huduma isiyoonekana

Kuna huduma nyingine ambayo mnunuzi haioni: marekebisho ya programu. Simu isiyopokea marekebisho ya usalama huachwa wazi kwa walaghai, jambo la hatari pale inapotumiwa kutuma na kupokea fedha. Kazi hiyo huwahitaji wahandisi kwa miaka mingi baada ya simu kuuzwa, na ndiyo maana simu nyingi za bei ya chini husahauliwa mapema. Mnamo Oktoba 2023, Google iliahidi kuihudumia Pixel 8 kwa marekebisho ya miaka saba, lakini hiyo ni simu ya bei ya juu.

Muungano wa Ulaya umeamua kutoliachia soko jambo hilo. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Juni 20, 2025 zinawataka watengenezaji wawe na vipuri muhimu kwa miaka saba baada ya aina fulani ya simu kuacha kuuzwa, na kutoa marekebisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano.

Haki za mnunuzi

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, habari anazohitaji ili kunufaika nazo, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya 2012 huipa haki hiyo nguvu zaidi. Malalamishi yanaweza kuwasilishwa kwa Mamlaka ya Ushindani, au kwa Mamlaka ya Mawasiliano iwapo yanahusu huduma za mtandao. Aidha, mahakama za madai madogo, zilizoanza kazi mwaka wa 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na sheria inazitaka ziamue kesi katika muda wa siku 60.

Haki hizo hazina nguvu bila ushahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kutoa fedha zake, mnunuzi anashauriwa kuhakikisha mambo yafuatayo:

– Ahitaji risiti yenye jina la duka, tarehe na nambari ya IMEI ya simu. Nambari hiyo huonekana kwa kubonyeza *#06#, na yafaa ilingane na ile iliyo kwenye sanduku.

– Aulize waranti ni ya muda gani, inahusu nini, na ni nani anayeitimiza: duka au mtengenezaji.

– Aulize kituo cha matengenezo kilicho karibu kiko wapi, na aipige nambari ya huduma akiwa dukani. Iwapo haijibiwi kabla ya kununua, haitarajiwi kujibiwa baadaye.

– Aulize bei ya kioo na betri, kwani hivyo ndivyo huharibika zaidi.

– Ikiwa ananunua kwa mkopo, aulize malipo yatakuwaje simu ikiwa kwa fundi, na akokotoe jumla ya fedha atakazolipa hadi mwisho.

Akishayajua hayo, mnunuzi anaweza kulinganisha simu mbili kwa haki. Huenda ile ya Sh8,500 yenye kituo cha huduma mjini mwake ikawa nafuu kuliko ya Sh7,500 isiyo na mwenyewe. Na iwapo ataamua kuchukua ya bei ya chini, atakuwa ameichukua akijua kwamba Sh1,000 alizookoa ndizo akiba yake ya kumlipa fundi.